Vipande vya Siku ya Tisini

Wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho huja ofisini mmoja mmoja kuniuliza namna ya kupata nafasi ya uzamivu katika vyuo vya nje. Huwapa ukurasa niliouchapa: wapi pa kutazama matangazo, jinsi ya kumwandikia profesa usiyemjua bila kumchosha, kwa nini wasifu usizidi kurasa mbili. Ni ushauri mzuri na nauamini. Lakini swali ambalo nimeshindana nalo kwa miaka sita halimo katika ukurasa ule: mtu anayeomba uongo bila kulitamka neno lenyewe, kisha akapewa, amedanganywa au amedanganya? Zipo siku ninazojibu hivi, na zipo ninazojibu vile. Nimezipanga barua hizi kwa tarehe zake. Zangu nilirudishiwa na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi katika maabara ya kupimia zege. Sikubadili kitu, hata pale nilipotamani sana kubadili.

*9 Februari*

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile bega limekupa nafasi ya kulala. Sisi huku hatujambo. Baba presha imeshuka. Mdomo ndio haujashuka. Ameshamtangazia kinyozi wake kwamba mimi ni daktari, na juzi kinyozi huyo alinisimamisha mlangoni, akakunja suruali na kunionyesha goti. Nilimwambia asubiri kwanza nipate nafasi, na hata nikiipata nitakuwa daktari wa zege. Akasema goti lenyewe limekuwa gumu kama zege, kwa hiyo ni mlemle.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa kuwa wewe mwenyewe ulikwisha kataa mambo ya kazi kwa simu, na sijawahi kukuuliza sababu.

Kuna habari, na ni njema. Kwa miaka miwili nimetuma maombi arobaini na moja. Ishirini na sita hayakujibiwa. Kumi na tatu yalijibiwa kwa ile sentensi inayoanza na "tunasikitika". Moja lilifika usaili likaishia hapo. Hili la mwisho limekubaliwa. Profesa mwenyewe ni mama mtaratibu, miwani imening'inia shingoni, na alinisaili kwa saa moja na nusu kupitia kompyuta ya maktaba ya chuo chetu cha ufundi huku mkutubi akininyamazisha. Ameisoma tasnifu yangu ya uzamili yote, pamoja na viambatisho. Nadhani ni mtu wa pili kuisoma, na huyo wa kwanza sina uhakika naye.

Anachokipenda ni kile kielelezo cha ukurasa wa sabini na nne: kwamba zege lililopunguziwa saruji na kuongezewa majivu ya pumba huwa dhaifu siku ya ishirini na nane tangu kumwagwa, lakini ikifika siku ya tisini hulipita la kawaida. Miaka minne ya utafiti, kwa ufadhili kamili, itajengwa juu ya mstari huo mmoja unaopanda.

Limebaki jambo dogo. Kabla ya kusaini, chuo chao kinataka picha za daftari la maabara, zile kurasa za kwanza zilizoandikwa kwa mkono siku vipande vya zege vilipopondwa katika maabara yenu kupima nguvu: siku ya saba, ya ishirini na nane na ya tisini. Mwisho wa kuzipokea ni tarehe kumi na tano Mei. Daftari unalo wewe. Ukinitumia nakala kwa posta, nitashukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Mwanao.

*2 Machi*

Mwanangu,

Marahaba. Bega lipo, kila asubuhi linaniarifu kuwa bado ni langu. Hapa kazini siku hizi wananiita Bibi Tangi, ati nakaa na matangi ya kulowekea zege kuliko ninavyokaa na watu. Sikuwakatalia. Matangi hayaombi ruhusa ya kwenda harusini kila Ijumaa.

Hongera. Niliisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Arobaini na moja! Mimi niliomba kazi moja maishani, nikapewa, nikabaki. Mwambie kinyozi goti lile aliloweke siku ishirini na nane kisha alilete tulipime.

Na mimi ninayo habari. Julai mwishoni nastaafu. Mkuu wa maabara, yule kijana niliyemfundisha kushindilia zege alipokuja hapa na viatu vyeupe, anataka kuniandalia hafla na cheti. Amenionyesha maneno: "miaka thelathini na mmoja bila doa". Nimemwambia ayaondoe hayo mawili ya mwisho. Alicheka, akadhani ni unyenyekevu.

Kuhusu daftari: madaftari ya miaka ile yalihamishiwa stoo, na ufunguo anao mtunza stoo, yule tunayemwita Kesho. Nimemwendea mara mbili. Alichonijibu unakijua.

Msalimie kaka yangu. Mwambie apunguze chumvi, na maneno pia.

Shangazi yako.

*15 Machi*

Shangazi,

Shikamoo. Nimepokea barua yako na nimeisoma kwa furaha, hasa hilo la kustaafu, ingawa siwezi kuiwaza maabara ile bila wewe na koti lako la bluu lenye mfuko uliochanika. Huku mvua zimeanza na darasa langu linavuja; nimewaambia wanafunzi wahesabu matone kama zoezi la mtiririko wa maji. Baba mzima. Ameanza kuuliza huko niendako kuna baridi kiasi gani.

Sitaki kuwa msumbufu. Bwana Kesho namfahamu, na najua stoo ile ilivyo. Lakini profesa ameniandikia tena, kwa upole, akiuliza zile kurasa zimefika wapi. Anasema kanuni hiyo ni ya chuo, si yake, na kwamba wiki chache zilizopita kundi jingine lilipata aibu kwa takwimu zisizo na mama wala baba. Nilimjibu kwamba zangu zina shangazi. Akajibu kwamba amecheka. Niliona aibu kucheka naye, na kwa nini niliona aibu sikutaka kujiuliza.

Ukiweza, kabla ya Aprili kwisha.

Mwanao.

*20 Aprili*

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kukawia. Bega lilinilaza siku nane. Kisha palikuwa na zege la daraja, vipande mia na ishirini, na vijana wawili tu wa kuvipaka alama. Mmoja alipaka alama za jana kwa tarehe ya leo. Nilimwambia, "Wewe, hata mama yako hawezi kukuzaa jana akaandika umezaliwa leo." Akaona haya, akavifuta vyote.

Ndani ya bahasha utakuta nakala. Siku ya saba kurasa mbili, siku ya ishirini na nane kurasa mbili. Mwandiko ni wangu, na saini yako ipo chini, kwa kuwa siku zile ulikuwepo. Ulivaa miwani ya kinga juu ya miwani yako, ukaonekana kama panzi.

Nakumbuka vizuri siku zile mbili. Wewe unaikumbuka siku uliyonipigia simu? Ulikuwa wapi?

Nimechoka leo. Wasalimie wote.

Shangazi yako.

*28 Aprili*

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole sana kwa bega. Baba amekutumia dawa ya kuchua. Anasema kinyozi ameithibitisha, kwa hiyo tahadhari. Amenitolea lile begi lake kubwa la safari, akalifuta vumbi na kuliweka wazi sebuleni, na kila mgeni hulizunguka kama kiti cha ziada.

Nakala zimefika salama, nashukuru. Nadhani katika haraka ya kazi kuna kurasa zimesahaulika: za siku ya tisini hazimo katika bahasha. Ndizo muhimu kuliko zote, kwa kuwa ndipo mstari unapopanda.

Uliuliza nilikuwa wapi nilipopiga simu. Nilikuwa kwenye korido, nje ya ofisi ya msimamizi wangu. Sidhani kama hilo lina uzito leo.

Nimefikiri kwamba pengine ukurasa huo umechakaa. Stoo ile ina unyevu, na miaka minne si kidogo. Ikiwa ndivyo, hakuna ubaya, naona, ukiunakili upya kwa mwandiko wako, kwa tarehe ileile, ukitumia zile namba za kwenye tasnifu. Mwandiko ni wako, daftari ni lako. Kimsingi ni ukurasa uleule. Nimelitafakari jambo hili kwa muda na sioni kama ni kosa, ila nakuachia wewe uamue.

Zimebaki siku kumi na saba.

Mwanao.

*6 Mei*

Mwanangu,

Salamu zimefika. Leo nianze na la kazi.

Ukurasa wa siku ya tisini haujachakaa. Ni msafi kuliko zote. Tarehe niliandika. Alama za vipande niliandika, T1, T2, T3. Uzito wa kila kimoja niliandika, kwa kuwa asubuhi ile nilivitoa majini, nikavifuta na kuvipima. Safu ya nguvu iko tupu.

Mashine ya kupondea ilikuwa imefungwa. Watu wa vipimo walikuwa wameibandika karatasi nyekundu wiki mbili kabla, isitumike mpaka waihakiki. Ulipiga saa sita mchana. Ulisema msimamizi wako anafunga mlango saa kumi, na kwamba asipozipata namba utasubiri mwaka mzima. Nilikuambia nipigie baada ya saa moja. Saa hiyo niliimaliza nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza, vipande vitatu viko mbele yangu. Mimi nimeponda vipande zaidi ya elfu arobaini. Nikikigonga kwa spana na kusikiliza, najua kitafika wapi, na nikikosa nakosa kwa moja au mbili. Nilivigonga. Ukapiga, nikakupa: arobaini na moja nukta tatu, arobaini nukta nane, arobaini na moja nukta sita. Nilizitofautisha kidogo ili zisifanane mno. Hilo ndilo linaloniuma kupita yote, kwamba nilijua hata kupamba.

Baada ya hapo nilishika kalamu niziandike daftarini. Mkono uligoma. Mdomo ulikuwa umeshasema bila taabu, lakini mkono uligoma.

Mashine ilifunguliwa siku ya mia na nne. Ningeweza kuviponda siku hiyo. Wewe ulikuwa umeshawasilisha, na mimi niliogopa vikitoka chini nitafanya nini. Nikavirudisha majini. Vipo hadi leo, tangi la tatu, kona ya nyuma. Vijana wakiuliza nasema ni vya utafiti maalumu. Tangu siku ile sitaji namba kwa simu.

Sasa unaniambia nikunakilie. Kalamu ninayo, na wino wa rangi ile bado unauzwa. Nimekaa na daftari siku tatu. Sikukatazi, na sikukubalii. Niandikie wewe, kwa mkono wako, nijaze nini katika ile safu. Usiseme "zile za kwenye tasnifu". Ziandike moja moja, kila moja na nukta yake. Zikinifikia, nitazijaza, na jina langu litakaa chini yake.

Shangazi yako.

*13 Mei*

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo na hajui lolote.

Barua yako ilinifikia juzi. Jana, katika ofisi yangu, nilichukua karatasi nikafanya ulivyoniagiza. Niliandika arobaini na moja, nikaweka nukta, nikaishia kwenye nukta. Karatasi hiyo ninayo. Sikuweza kuimaliza, na sikuweza kuitupa.

Umeniandikia kama mtu anayeungama kwa aliyemdhulumu. Naomba niirekebishe picha hiyo, kwa kuwa nimeiacha ikae hivyo kwa miaka minne. Ile karatasi nyekundu niliiona. Wiki moja kabla ya siku ya tisini nilipita maabara kuchukua gunia langu la majivu. Wewe ulikuwa uani. Nilisimama mbele ya mashine nikaisoma: isitumike. Nilijua, na bado nilipiga. Tena, Shangazi, mashine ile ikiwaka pampu yake hunguruma mpaka mtu alazimike kupiga kelele. Siku ile ulinisomea namba tatu kwa sauti ya mtu aliyekaa sebuleni. Niliusikia ule ukimya. Nikasema, "Asante, Shangazi, umeniokoa," nikakata haraka, nadhani ili usipate nafasi ya kuniambia.

Kisha niliandika, ukurasa wa arobaini na moja: "Mtafiti alisimamia majaribio yote mwenyewe." Sentensi hiyo hakuna aliyenisomea kwa simu.

Leo asubuhi nimemwandikia profesa. Nimemweleza kwamba vipande vya siku ya tisini havikupondwa, kwamba namba zilikuwa makadirio, na kwamba nilijua au nilikuwa na kila sababu ya kujua. Nimeandika kuwa kosa ni langu peke yangu na kuwa fundi wa maabara hakuhusika na uamuzi huo. Cheti chako na hafla yako havitaguswa. Nimeiandikia pia ofisi ya shahada za juu ya chuo changu cha zamani.

Nilipobofya kutuma sikuhisi wepesi ambao watu husema huwa unakuja. Nilihisi tu kwamba ni saa nne na nina kipindi.

Mwanao.

*4 Juni*

Mwanangu,

Marahaba. Nimekasirika, na nimengoja wiki mbili nione kama itapungua. Imepungua kidogo.

Umeandika kwamba fundi hakuhusika. Uongo wa kwanza tulikuwa wawili. Huu wa pili umeutunga peke yako, na tena umeuita heshima. Nani alikutuma? Miaka yote hii mhandisi akija hapa na ripoti yake huniandika "fundi mmoja", na mimi nimezoea. Sikutegemea kuandikwa hivyo na binti wa kaka yangu, tena katika jambo ambalo nililifanya kwa akili zangu timamu.

Jumatatu niliingia ofisini kwa Mkuu na daftari. Nilimfungulia ukurasa. Akautazama, akaenda kufunga mlango.

"Mama, mambo ya miaka minne iliyopita nani anayafukua?"

"Nayafukua mimi. Koleo ninalo."

"Umebakiza wiki nane tu."

"Zinatosha."

"Wateja wakisikia, wataanza kuuliza na vipande vyao."

"Waulize. Daftari lipo, kila ukurasa. Huu ndio pekee wenye safu tupu, na nimekuletea mwenyewe."

Kisha akasema kwa sauti ya yule kijana wa viatu vyeupe, "Sasa cheti nikiandike nini?"

"Andika miaka," nikamwambia. "Miaka ni ya kweli."

Ameandika taarifa, nami nimeisaini. Hafla imefutwa, imekuwa soda ofisini. Baadhi ya vijana sasa wakinipa namba wananisomea mara mbili, polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa. Hilo linauma, siwezi kukuficha. Yule aliyepaka alama za jana kwa tarehe ya leo ananikwepa macho. Mimi nikimwona nakumbuka maneno niliyomwambia, na sijui nani kati yetu anayestahili kuinamisha kichwa.

Watu wa vipimo wameihakiki mashine tarehe mbili. Vipande vyako bado viko majini, na mimi siondoki hapa nikaviacha. Njoo kabla Julai haijaisha. Safari hii uwepo.

Shangazi yako.

*19 Agosti*

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kustaafu hakujakuchosha kuliko kazi. Baba anasema ulimpigia simu, mkazungumza saa nzima, na kwamba hukutaja namba hata moja.

Niliahidi kukuandikia yale niliyoshindwa kusema siku ile ya Julai. Nilipokuona umeingiza mikono ndani ya tangi la tatu mpaka kwenye viwiko, ukavitoa vipande kimoja kimoja, alama nyekundu zikiwa zimefifia lakini zinasomeka, nilitaka kukuomba tuache. Nadhani ulijua, kwa kuwa ulinikabidhi kitambaa ukasema, "Futa. Kikiwa na maji juu kinateleza." Nikafuta.

Nimelinakili hapa, kwa mwandiko wangu, lile ulilolijaza daftarini kwa tarehe ya siku ile na si nyingine. T1: arobaini na tano nukta mbili. T2: arobaini na nne nukta saba. T3: thelathini na saba nukta tano, nawe ukaandika pembeni kwamba kilivunjika upande mmoja, hakihesabiki. Nilisimama karibu mno. Pampu ilinguruma, ukanipigia kelele nirudi nyuma, na nilifurahi kupigiwa kelele.

Nimezipima namba hizo kila namna. Viwili viko juu ya ulizonipa, kwa hiyo huenda siku ya tisini ulikuwa sahihi, na spana yako ilisikia kile mashine ingesema. Lakini zege hili lilikaa majini miaka minne, na lingeweza kupanda polepole kutoka popote. Kipande cha tatu kingesema kitu, nacho kilivunjika vibaya. Siku ya tisini ilipita vikiwa juu ya meza, na hakuna mashine ya kuirudia.

Majibu yamekuja. Profesa aliniandikia mistari minne. Anashukuru kwa kuambiwa. Nafasi imefutwa, na anasema haikufutwa kwa sababu ya namba, ambazo zingeweza kurudiwa, bali kwa sababu ya ile sentensi ya ukurasa wa arobaini na moja. Chuo changu cha zamani kimeniachia shahada, na kimeambatisha sahihisho: katika kielelezo kile mstari wangu sasa unaishia siku ya ishirini na nane, chini ya ule wa kawaida. Mtu yeyote atakayeifungua tasnifu hiyo maktabani atalikuta sahihisho kabla ya jina langu. Nilikwenda kuliona. Nilijifanya natafuta kitabu kingine.

Baba nilimwambia nikiwa nimesimama. Siku ya tatu alirudi kutoka kunyolewa, akasema kinyozi anauliza: sasa hili goti ataliangalia nani? Kisha akalipandisha begi juu ya kabati. Hakulirudisha chumbani kwake. Sijui maana yake, na sijathubutu kuuliza.

Uliniuliza tukiwa kituo cha basi kama najisikia afadhali kwa kuwa nilisema. Nilikujibu ndiyo. Naomba nilifute jibu hilo. Nilisema baada ya kuombwa ukurasa, Shangazi. Nilikuwa na miaka minne ya kusema bila kuombwa, na katika miaka hiyo nilikitumia kielelezo kile katika maombi arobaini na moja. Na hata nilipoombwa, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kukutaka wewe ughushi, tena kwa sentensi niliyoijenga kwa uangalifu ili isionekane kuwa ombi. Kama usingenitaka niziandike kwa mkono wangu, ningeishia kwenye nukta? Kama profesa asingeuliza, ningesema lini? Nikitafuta jibu nakuta najipendelea. Nikijikaza nisijipendelee, nakuta najitesa kwa namna inayonipendeza, na hiyo nayo si kipimo.

Nimeanza kuomba tena. La arobaini na mbili linafungwa mwishoni mwa Septemba, na safari hii nimeambatisha ukurasa mmoja unaoeleza yote: simu, karatasi nyekundu, sahihisho. Nimeuandika mara sita. Kila nikiusoma unazidi kuwa mzuri, na ndipo ninapoingiwa na hofu. Sijui kama nauweka kwa sababu ni haki, au kwa sababu nimegundua kwamba ukweli nao hupendezesha wasifu. Wewe uliniambia kinachokuuma ni kwamba ulijua kupamba. Mimi bado najua.

Nimeufunga na barua hii, kwa mkono. Usome, unifutie palipopambwa.

Mwanao.

*

Ukurasa ule ulirudi baada ya wiki tano, pamoja na barua zangu zote za nyuma zilizofungwa kwa uzi. Shangazi hakuandika chochote. Alikuwa amefuta sentensi moja tu, kwa penseli, mstari mwembamba ulionyooka kwa rula: ile iliyosema kwamba ninajuta. Nimemtembelea mara nne tangu hapo, tumezungumza bega, baba, mvua na mimba ya jirani yake, na sijamuuliza alifuta kwa nini. Akinijibu kwamba hakuiamini, sitakuwa na la kumwambia. Na akisema aliiamini lakini haikuhitaji kuandikwa, nitafurahi, na sitajua kama alinipa namba ya kweli au ile aliyojua naihitaji.